Kuutazama Umati Nje ya Mkutano wa Kampeni

Ndugu wasikilizaji, nashukuru kwa kuitikia mwito. Mada yetu ni watu wanaojazana barabarani, nje ya ukumbi au uwanja wa kampeni katikati ya jiji. Watu hao hupigwa picha kuliko wote, na ndio wanaoeleweka vibaya kuliko wote.

Tuanzie langoni. Tuseme watu 3,000 wanafika kila saa, njia za ukaguzi ni 5, na kila njia inapitisha watu 400 kwa saa. Wanaingia 2,000, wanabaki nje 1,000, na saa inayofuata wanaongezeka 1,000 wengine. Baada ya saa 3 barabara imefurika, na ndani huenda viti bado viko wazi. Mpiga picha akifika wakati huo atasema mgombea amejaza hadi mtaani, kumbe aliyejaza mtaa ni lango. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu kichwa hata kimoja, simama karibu na lango, hesabu wanaopita kwa dakika 5, zidisha kwa 12. Rudia kila nusu saa. Askari wakianza kufungua kila mkoba, kasi inashuka papo hapo, na foleni inavimba ingawa wanaofika hawajaongezeka.

Sasa tuhesabu waliosimama. Njia inayotumika sana ilianzia miaka ya 1960 kwa Herbert Jacobs, mwandishi wa habari aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Waandamanaji walikusanyika kwenye uwanja wenye sakafu ya miraba chini ya dirisha lake, akahesabu watu katika miraba michache kisha akazidisha. Kwa vipimo vyetu, watu walioachiana nafasi ya mkono ni kama mtu 1 kwa mita ya mraba. Waliosogeleana ni 2 na kidogo. Waliobanana ni 4 au zaidi.

Chukua barabara yenye upana wa mita 12, watu wameenea mita 150. Mita 30 za karibu na lango wamebanana: mita za mraba 360, mara 4, ni 1,440. Mita 50 zinazofuata wamesogeleana: 600 mara 2, ni 1,200. Mita 70 za mwisho zina nafasi 840, lakini toa 240 za magari yaliyoegeshwa na meza za wachuuzi, zibaki 600, yaani watu 600. Jumla ni 3,240. Anayechukua msongamano wa langoni na kuutandaza barabara nzima atapata 7,200, na hapo hajadanganya kwa makusudi. Amepima mahali pamoja tu. Nawe usitangaze 3,240 kana kwamba umewagusa mmoja mmoja. Sema kati ya 2,700 na 3,800.

Baada ya maandamano makubwa ya Washington ya Oktoba 1995, idara ya hifadhi za taifa ilisema watu 400,000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston wakasema 837,000, wakikiri kwamba wanaweza kukosea kwa asilimia 20 juu au chini. Ugomvi ulikuwa mkali kiasi kwamba Bunge la Marekani liliinyima idara hiyo fedha za kuhesabu.

Picha ya usawa wa macho huficha mapengo, panda ghorofani. Na katikati ya jiji kuna wapita njia na wanaosubiri basi. Tazama miguu: aliyekuja mkutanoni huelekeza vidole vya miguu kwenye kipaza sauti hata anapogeuka kuzungumza na jirani, mpita njia hugeuza shingo tu. Ukitaka uhakika, chagua watu 20 sehemu mbalimbali, uwatazame tena baada ya dakika 10. Wakibaki 8, unachokiona ni mkondo wa watu, na jumla ya waliopita hapo mchana huo ni kubwa kuliko picha yoyote.

Hili la mwisho nalisisitiza kwa sababu linaua. Watu wakifika 5 kwa mita ya mraba, anza kuwa na wasiwasi. Wakipita 7, mtu hachagui tena pa kwenda. Mwili wake unabebwa. Dalili ni hizi: mikono imepandishwa kifuani, vichwa vinayumba kwa pamoja, watu wanaparamia uzio, waliozoea kuimba wamenyamaza. Hatari huongezeka lango likifungwa, kwani walio mbele wanajua na walio nyuma hawajui, nao wanaendelea kusukuma. Msafara wa mgombea ukiwasili kwa barabara ileile, nguvu zinagongana. Mtazamaji asisimame kati ya umati na uzio au ukuta. Akae ubavuni, penye kichochoro cha kutokea. Na tangazo la kufunga lango lianzie kwenye vipaza sauti vya mkiani mwa foleni, ili wanaosukuma ndio wawe wa kwanza kuacha.