Bei ya Mwangusho: Mazungumzo Kuhusu Pointi za Mieleka ya Vyuo Vikuu vya Marekani

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo? Asanteni kwa kuja na baridi hii.

Nimeombwa nieleze kitu ambacho watoto wetu wanakiishi kila siku shuleni, nasi wazazi tunakisikia kwa mbali tu. Hapa Iowa City mtoto anaweza kurudi nyumbani na sikio limevimba, akakwambia amejiunga na mieleka, na wewe uliyetoka Bukavu au Kigoma au Nakuru ukaamini amepigwa. Nami niliamini hivyo. Mwanangu wa kwanza alipoanza, nilikwenda shuleni kulalamika kabla sijakwenda kutazama. Nilipotazama nilinyamaza, na tangu siku hiyo sijakosa msimu hata mmoja. Huu ni mwaka wa 11.

Leo sitawafundisha mchezo mzima. Nataka tuzungumze jambo linalowagawa mashabiki wa mieleka ya vyuo vikuu kuliko jingine lolote, nalo ni pointi: mwangusho, yaani kumshusha mwenzako mkekani ukawa juu yake, una thamani gani, na je, hesabu hizo zinazipa timu zote nafasi sawa?

Kwanza tuiweke kando mieleka ya televisheni, ile ya mikanda ya dhahabu na kamba pembeni. Hii ya vyuo ni mkeka mmoja, vijana wawili, refa mmoja, dakika 7: kipindi cha kwanza dakika 3, cha pili 2, cha tatu 2. Chuo kinapeleka vijana 10, kila mmoja na uzito wake, kuanzia ratili 125, kama kilo 57, mpaka ratili 285, kama kilo 129. Tena si mieleka ya Olimpiki. Kwenye Olimpiki ukimwangusha mwenzako na kushindwa kumgeuza upesi, refa anawasimamisha. Huku ukishamwangusha unabaki naye. Wewe uko juu, yeye yuko chini kwa magoti na mikono anatafuta pa kuchomokea, na kazi yenyewe ndipo inapoanzia.

Aliye chini akijichomoa anapata pointi 1. Akipindua mambo yeye akawa juu, 2. Aliye juu akimgeuza mwenzake mgongo ukaelekea mkeka, refa anahesabu kwa mkono: sekunde 2 pointi 2, sekunde 3 pointi 3, sekunde 4 pointi 4. Aliyekaa juu kwa zaidi ya dakika nzima kumpita mwenzake anaongezewa 1 mwishoni. Na ukimlaza chali, mabega yote mawili yakagusa mkeka kwa sekunde 1, mechi imekwisha hapo hapo, hata kama ulikuwa nyuma kwa pointi 12. Ndiyo maana mwaka 2023 Spencer Lee wa hapa Iowa, bingwa wa taifa mara tatu, hakufika fainali ya taifa: kwenye nusu fainali Matt Ramos wa Purdue alimlaza chali katika sekunde za mwisho kabisa.

Sasa mwangusho. Miaka nenda miaka rudi ulikuwa pointi 2. Kuanzia msimu wa 2023–24 ni pointi 3.

Kuna mzee mmoja, mkulima mstaafu, ninayekaa naye safu moja pale Carver-Hawkeye, ule ukumbi wenye sanamu ya shaba ya Dan Gable, kocha wa zamani wa Iowa, nje. Mzee huyu huja na daftari na penseli aliyoichonga kwa kisu. Kwa miaka yote niliyomjua, kijana wa Iowa akiangusha, yeye pamoja na maelfu ya watu waliomo walinyanyua vidole viwili na kupaza sauti: mbili! Msimu huo mpya ulipoanza, mwangusho wa kwanza ukaja, vidole vyake viwili vikapanda kama kawaida. Kisha akakumbuka. Akakifungua cha tatu polepole, kile cha pete, ambacho hakinyooki sawasawa kwa sababu kiliwahi kuvunjika. Hakupaza sauti. Aliushusha mkono, akaandika 3 daftarini.

Baadaye alinieleza hoja yake, na ni hoja ya mashabiki wengi wa umri wake. Zamani kijana aliyeangushwa mara moja mwanzoni alikuwa bado yumo mchezoni. Anajichomoa, inakuwa 2–1. Kipindi cha pili anaanzia chini, anajichomoa tena, 2–2, na mechi inaanza upya. Sasa kijana huyo huyo akifanya kazi hiyo hiyo, bado yuko nyuma 3–2. Kosa moja la sekunde ya 20 linamfuata mpaka dakika ya 7.

Namheshimu mzee, lakini hapo sikubaliani naye. Alichokiita nafasi ya kurudi mchezoni, mimi nilikiona mara nyingi kikiwa ruhusa ya kutoshambulia. Nimekaa kwenye mechi ambazo vijana wote wawili wenye nguvu walishikana shingo dakika 3 nzima bila hata mmoja kuinama kushika mguu, kila mmoja akingoja zamu yake ya kuanzia chini, ajichomoe, apate pointi yake 1, aende kwenye muda wa nyongeza. Kuuendea mguu wa mtu ni hatari: unapeleka kichwa chako, anaweza kukukandamiza, akazunguka nyuma yako, mwangusho ukawa wake. Kama hatari hiyo unalipwa pointi 2, na kukaa bila kuthubutu kunakulipa 1 na 1, wengi watakaa. Ukiifanya 3, anayethubutu analipwa inavyostahili.

Na inabadilisha mwisho wa mechi. Machi 2025, pale Philadelphia, fainali ya taifa ya uzito wa juu kabisa, Gable Steveson wa Minnesota, bingwa wa Olimpiki ya Tokyo, alikuwa mbele kwa pointi 2 muda ukiwa umebaki chini ya nusu dakika. Karibu kila mtu duniani alijua atashinda. Wyatt Hendrickson wa Oklahoma State akauingia mguu, akamzungusha, akamwangusha. 5–4. Kijana aliye nyuma kwa pointi 2 leo hatafuti sare. Ana kitu kimoja cha kufanya na anajua kinatosha. Hicho ndicho nilichokuwa nakitaka mchezoni, na nimekipata.

Lakini kuna hesabu ambayo sisi tuliotaka pointi 3 hatukuipiga vizuri, na ndiyo hasa iliyonifanya nikubali kuja kuzungumza. Naomba mnivumilie, ni hesabu ya darasa la nne.

Kijana hodari sana hufanya hivi: anamwangusha mwenzake, kisha anamwachia kwa makusudi ajichomoe, ili amwangushe tena. Anampa 1, anachukua nyingine. Na kanuni inasema ukimzidi mwenzako kwa pointi 15 mechi inasimamishwa, umeshinda. Zamani, kwa miangusho ya 2, kila mzunguko ulikuongezea pointi 1 tu. Ili umzidi mtu kwa 15 kwa njia hiyo ulihitaji kumwangusha mara 14. Mara 14 ndani ya dakika 7! Kwa hiyo hata walio hodari walilazimika kujua kukaa juu na kumgeuza mtu, kama alivyokuwa akifanya Spencer Lee: mwangusho mmoja, kisha anakufunga mkono, anakupindua, anahesabiwa 4, anakupindua tena. Sasa pigeni hesabu ya 3. Kila mzunguko unakuongezea 2. Baada ya mwangusho wa saba umeongoza kwa 15. Kutoka 14 mpaka 7! Kazi imepungua nusu kwa nusu.

Tulipandisha bei ya mwangusho, tukaiacha bei ya ushindi mkubwa palepale.

Mtaniuliza, kwani kuna ubaya gani hodari akishinda mapema? Kwa yeye mwenyewe hakuna. Ubaya uko kwenye timu. Kwenye pambano la timu kwa timu, ushindi wa kawaida unaipa timu pointi 3. Ukishinda kwa tofauti ya 8 mpaka 14, pointi 4. Kwa 15, pointi 5. Kumlaza mtu chali, 6. Basi timu mbili zinaweza kushinda mechi tano tano, na moja ikaondoka na ushindi kwa sababu vijana wake wawili waliendelea kushambulia walipokuwa tayari mbele. Kwenye mashindano ya taifa ya Machi ni vivyo hivyo: juu ya pointi za nafasi, kila ushindi wa tofauti ya 8 unaongeza 1, wa 15 unaongeza 1.5, wa chali unaongeza 2. Kijana akiwalaza chali watu watano mpaka kuchukua ubingwa, ameiletea timu pointi 10 za ziada, sawa kabisa na mshindi wa tatu wa uzito mwingine. Ni kama timu imeleta mtu wa 11.

Ukipunguza nusu ya kazi ya kupata ziada hiyo, unamsaidia nani? Aliyekuwa nayo tayari.

Na aliyekuwa nayo ni Penn State, chuo cha jimbo la Pennsylvania. Cael Sanderson, yeye aliyemaliza chuo hapa jimboni Iowa State bila kupoteza hata mechi moja, 159 kwa 0, alichukua timu ile mwaka 2009. Tangu 2011 mpaka 2025 wametwaa ubingwa wa taifa mara 12. Ohio State waliupata 2015, Iowa 2021, na 2020 mashindano hayakufanyika kwa sababu ya korona. Kwa hiyo tuwe wakweli, pointi 3 hazikuwazaa Penn State. Walikuwa wanatawala kwa pointi 2. Ila tazameni upana wa pengo. Mwaka 2018, Cleveland, walikuwa na Ohio State bega kwa bega mpaka usiku wa mwisho. Kwenye fainali ya ratili 184 Bo Nickal alikutana na Myles Martin wa Ohio State. Martin alimtupa, kwa sekunde moja mgongo wa Nickal ulikuwa unaelekea mkeka, na Nickal akajiviringisha humo humo hewani akatokea juu, akamfunga kifuani mpaka refa akapiga mkeka. Ubingwa ukaamuliwa hapo: 141.5 kwa 133.5. Mwaka 2024, msimu wa kwanza wa pointi 3, Penn State walipata 172.5. Wa pili, Cornell, 72.5. Pengo la pointi 100. Mwaka uliofuata 177, na Nebraska wakafuata na 117.

Rekodi waliyoivunja 2024 ilikuwa ya Iowa, pointi 170, ya 1997, mwaka wa mwisho wa Dan Gable kuwa kocha. Mzee wa penseli hupenda kuniambia kwamba 170 ile ilipatikana kwa miangusho ya 2, na hapo ninakubaliana naye kwa moyo wote.

Wapo wanaotaka turudi kwenye 2. Mimi sitaki. Wapo wanaotaka pointi ya kukaa juu ifutwe, eti inawalipa wanaolala tu juu ya watu. Hiyo nayo naipinga, maana mtu asiyeweza kutoka chini ya mwenzake kwa dakika nzima ameshindwa kitu halali. Ninachotaka ni kimoja: mpaka wa 15 upandishwe. Ukiwa 20, kwa njia ile ya kuangusha na kuachia utahitaji miangusho 10. Bado ni rahisi kuliko zamani, lakini kijana wa timu ndogo anapata dakika mbili zaidi mkekani kujaribu kitu.

Vijana wangu mnaocheza, msije mkaondoka hapa mkidhani timu ni mabingwa peke yao. Mwaka 2001 Minnesota walichukua ubingwa wa taifa bila kuwa na mtu hata mmoja kwenye fainali. Hata mmoja. Ila vijana wao wote 10 walimaliza ndani ya nane bora. Mshindi wa kwanza hupewa pointi 16, wa tatu 10, wa tano 7, wa nane 3. Washindi wa tatu wawili, pointi zao zikijumlishwa, wanampita bingwa mmoja.

Kwa hiyo Machi ikifika, watu wengine wakingoja fainali za Jumamosi, nyinyi tazameni Ijumaa usiku. Kuna mzunguko mashabiki wanauita raundi ya damu. Wanaocheza hapo wamekwisha kupoteza mara moja. Kila uzito una watu 33, na hapo wamebaki wa kupigania nafasi za mwisho ndani ya nane. Anayeshinda jina lake linaandikwa milele chuoni kwake, anayeshindwa anavaa suruali yake na kwenda nyumbani bila chochote. Safari iliyopita nilitazama nyumbani kwa yule mzee. Kijana mmoja alikuwa nyuma kwa pointi 2, pua imezibwa pamba, zimebaki sekunde chache. Akaushika mguu, akaanguka nao, akaufuata kwa magoti mpaka ukingoni mwa duara, na refa akanyanyua vidole. Mzee alikuwa amekwisha kunyanyua vyake, vitatu vyote. Halafu akachukua penseli, akaandika kwenye daftari nusu pointi, kwa maana kule upande wa waliopoteza kila ushindi unaipa timu nusu, na chini yake akaandika 3 ya nafasi ya nane.

Naona mkono kule nyuma. Karibu, mama, uliza.