Mwigizaji Tusiyemtambua

Mabibi na mabwana, kila ninapopewa nafasi ya kuzungumzia uigizaji narudi kwenye jambo hili, na leo sitaliacha. Mtazamaji anapomaliza filamu bila kugundua kwamba yule askari mpole ndiye yule katili aliyemtisha katika filamu nyingine, tunamlaumu kwa kusahau sura, au tunawasifu waliompamba mwigizaji, na kazi ya mwigizaji mwenyewe inapita bila kutajwa.

Chukueni mfano wa Gary Oldman, Mwingereza ambaye mwaka 1986 aliigiza kama Sid Vicious, mwanamuziki wa bendi ya Sex Pistols, na mwaka 1992 akawa Dracula, yule mnyonya damu wa hadithi. Najua mtaniambia kwamba Dracula ni nywele za bandia na maleba. Basi tumwache Dracula, tuwatazame polisi wawili. Katika Léon ya mwaka 1994, Oldman ni Stansfield, ofisa fisadi wa kupambana na dawa za kulevya. Anatafuna kidonge, anarudisha kichwa nyuma, mwili unamtetemeka. Anamsogelea mtu hadi pua zikaribie kugusana, anaongea taratibu kama rafiki, kisha anapasuka kwa ukelele. Katika Batman Begins ya mwaka 2005 yeye ni Gordon, polisi mwadilifu katika mji uliooza: mabega yameshuka, sauti iko chini, macho yamechoka nyuma ya miwani. Wote wawili ni polisi wa Marekani, wote wanazungumza kwa lafudhi ya huko, na sura ya mwigizaji iko wazi mbele ya kamera. Kilichoongezwa kwa Gordon ni masharubu na miwani, vitu ambavyo haviwezi kumficha mtu tunayemfahamu. Hata hivyo wapo wengi waliotazama filamu zote mbili wasijue kwamba ni mtu mmoja, kwa sababu kilichobadilika ni pumzi, mwendo, na namna ya kumtazama mwenzake anayeongea. Hayo hayatoki kwenye sanduku la vipodozi, bali mwigizaji huyatafuta mwenyewe, kwa mazoezi, muda mrefu kabla kamera haijawashwa.

Wapo wanaosema kwamba steringi naye anafanya kazi kubwa, na sibishi. Lakini steringi hulipwa ili tumtambue tangu bango la filamu, ilhali huyu tusiyemtambua kadiri anavyoifanya kazi yake vizuri ndivyo jina lake linavyozidi kufifia. Hiyo si haki, na wahakiki wanaomaliza makala nzima wakimtaja kwa jina la mhusika tu wanaiendeleza.

Ningependa kumzungumzia kwa kirefu mwigizaji wa kike Tilda Swinton, ambaye katika Suspiria ya mwaka 2018 aliigiza kama mzee wa kiume huku orodha ya waigizaji ikitaja jina la kubuni, Lutz Ebersdorf, lakini muda umenibana.

Nimjibu tu anayesema kwamba tuzo zipo. Oldman alipata Oscar yake ya kwanza mwaka 2018, zaidi ya miaka 30 baada ya Sid Vicious, na aliipata kwa kuigiza kama Winston Churchill: nafasi ya steringi, mtu ambaye dunia nzima inaijua sura yake, na kazi ya vipodozi ya filamu hiyohiyo ikatuzwa usiku uleule. Gordon na Stansfield hawakumletea hata uteuzi wa Oscar.