Jani Lisilo na Jina: Mhadhara juu ya Majani Tunayoyatupa Sokoni

Wazee wangu, shikamooni. Mabibi na mabwana, assalaam aleikum, na habari za asubuhi.

Juma lililopita nilikwenda soko la Mgandini kununua bitiruti. Muuzaji, binti ambaye huniita mwalimu ingawa sikupata kumfundisha, alinichagulia fungu zuri, kisha, kabla sijafungua kinywa, akashika kisu akaanza kukata majani na kuyatupa chini ya meza, kwenye lundo ambalo tayari lilikuwa limemfika magotini. Nilipomwambia anipe na majani yake, alisita, akacheka kidogo, akauliza, "Mwalimu, siku hizi unafuga sungura?" Hakuwa na ubaya. Kwake yeye kukata yale majani ni sehemu ya huduma, kama muuza samaki anavyokuparia samaki wako, ili usibebe taka hadi nyumbani. Ninachotaka kuwaeleza leo ni kwamba zile si taka, na kwamba sisi watu wa Tanga, kuliko wengi wengine, tulipaswa kuwa wa kwanza kulijua hilo.

Nasema hivyo kwa sababu mapishi yetu yamejengwa juu ya majani ya mimea inayolimwa kwa ajili ya kitu kingine. Muhogo hulimwa kwa ajili ya mzizi, lakini hakuna Mdigo wala Mbondei atakayeutazama mti wa muhogo asione kisamvu. Viazi vitamu hulimwa kwa ajili ya kile kilicho ardhini, nasi huku juu tunachuma matembele. Kunde hupandwa kwa ajili ya mbegu, na kabla hazijatoa maua majani yake yamekwisha kupita jikoni. Tena kwenye muhogo tumekwenda mbali zaidi. Wengi wenu mna uani ule mti mrefu tunaouita kisamvu cha mpira. Huo ni jamaa wa muhogo, asili yake Brazili, ulioletwa huku wakati wa Wajerumani kwa ajili ya utomvu wa kutengenezea mpira. Baadaye watafiti wa Amani, huko juu Muheza, wakauchanganya na muhogo wa kawaida wakitafuta mbegu itakayostahimili ugonjwa wa batobato. Biashara ile ya utomvu ilikwisha zamani, lakini mti umebaki nyuani mwetu kwa ajili ya jani lake, na sidhani kama aliyeuleta aliwahi kufikiria kwamba utaishia kwenye chungu pamoja na nazi.

Basi kwa nini watu wa namna hii watupe majani ya bitiruti? Jibu langu, ambalo mnaweza kulipinga, ni kwamba jani la bitiruti halina jina. Hatusemi "majani ya muhogo", tunasema kisamvu. Hatusemi "majani ya viazi", tunasema matembele. Jani lenye jina lake ni chakula, lina bei na lina fungu lake mezani. Jani linaloitwa kwa jina la mzizi wake huonekana kama kishikizo tu, kitu cha kuubebea ule mzizi. Najua mtaniambia kwamba majani ya maboga nayo hayana jina jingine na bado tunayala, na mtakuwa na haki; lakini hayo tumeyarithi kwa bibi zetu, wakati bitiruti imetujia ikiwa tayari imepangiwa kazi moja, yaani juisi.

Cha kushangaza ni kwamba jina lipo, nasi tunalitumia kila siku pasipo kujua. Ile mboga pana yenye mshipa mnene katikati, ambayo sokoni tunaiita spinachi, kwa sehemu kubwa si spinachi halisi, bali ni aina ya bitiruti iliyochaguliwa na wakulima kwa vizazi vingi kwa ajili ya jani badala ya mzizi. Wataalamu wa mimea huziweka zote mbili katika spishi moja. Kwa hiyo mama anayetupiwa majani ya bitiruti chini ya meza hii, kisha akavuka hatua tatu kununua spinachi kwenye meza ya pili, analipa mara mbili kwa ajili ya mmea mmoja. Na akipima kwa lishe, alichokiacha chini kinazidi mengi ya yale aliyoyabeba. Gramu 100 za mzizi mbichi wa bitiruti zina takriban miligramu 16 za kalsiamu, ilhali majani ya uzito huohuo yana takriban 117. Madini ya chuma kwenye mzizi hayafikii miligramu moja, kwenye majani yanapita mbili na nusu. Ama vitamini A, mzizi hauna ya kutajika, na jani limejaa.

Koliflawa inayoteremka kutoka Lushoto nayo ina habari hiyohiyo. Yale majani yanayoizunguka, ambayo hubanduliwa na kuachwa sakafuni, ni ya mmea ambao ni spishi moja na kabichi na sukuma wiki. Yakatwe membamba, yakaangwe na kitunguu. Wala hayahitaji maelezo.

Kuhusu karoti sina maneno mengi, kwa sababu karoti nyingi zinatufikia zikiwa zimekwisha kukatwa majani, na wakulima wana sababu nzuri ya kufanya hivyo: jani likibaki huendelea kuunyonya mzizi maji, na karoti hulegea mapema. Lakini anayelima mwenyewe ajue kwamba jani la karoti ni la ukoo wa kotmiri, lina uchungu kidogo, na likisagwa pamoja na nazi, ndimu na pilipili hutoa chatne isiyoionea haya bajia yoyote ya mjini hapa.

Sasa nigusie hatari, maana ningekuwa nawadanganya kama ningesema kila jani linalika. Majani ya viazi mviringo na majani ya nyanya yana sumu, na msiyajaribu. Kisamvu chenyewe, tunachokiamini mno, kina kemikali inayozaa sumu ya sianidi. Bibi yangu hakulijua neno hilo, lakini alijua kwamba kisamvu kisichotwangwa vizuri "kinalevya", na aliyekuwa akipitisha mchi kwa uvivu aliambiwa arudie. Elimu ya leo inamuunga mkono: jani linapopondeka, kimeng'enya kilichomo hukutana na ile kemikali na kuivunja, sumu inatoka kama hewa, na kwa kuwa huchemka kwenye nyuzijoto 26 hivi, sufuria iliyo motoni bila kifuniko huifukuza. Nasikitika ninapoona kisamvu kikikatwakatwa kwa kisu na kutiwa sufuriani kikafunikwa, ati kwa kuokoa muda. Kinu kile kilikuwa na kazi kubwa kuliko kulainisha. Na kwa kuwa tumelitaja jambo la kulainisha, magadi yawe kidogo au yasiwepo, kwani huharibu vitamini C na vitamini B1.

Bitiruti haina sianidi, ila ina asidi ya oksaliki, ambayo huyazuia baadhi ya madini, ikiwemo sehemu ya ile kalsiamu niliyoisifu, yasifyonzwe mwilini. Ndiyo maana nashauri majani yake yachemshwe dakika chache katika maji mengi na maji hayo yamwagwe. Mwenye historia ya mawe kwenye figo asiyazoee, na anayetumia dawa ya warfarin ya kuzuia damu isigande azungumze na daktari wake kabla ya kubadili kiasi cha mboga za majani anachokula, kwa sababu vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa hiyo.

Liko pia suala la dawa za wadudu, na hapa nawageukia wakulima mlioshuka kutoka milimani. Mkulima anayejua kwamba jani litatupwa hana sababu ya kuhesabu siku baina ya kunyunyizia na kuvuna kwa ajili ya jani. Kuosha kunasaidia, lakini dawa inayoingia ndani ya mmea haitoki kwa maji ya bomba. Kwa hiyo, kabla ya kuyachukua yale majani, muulize muuzaji mzigo umetoka kwa nani na ulinyunyiziwa lini. Asipojua, yaache, na hata mbuzi usiwape. Mimi huyachukua kwa muuzaji mmoja tu, yule binti wa sungura, kwa kuwa shamba ni la kaka yake na anaweza kumpigia simu palepale.

Mapishi ni haya, na sufuria ile pale mezani si pambo. Tenganisheni vikonyo na majani, kwa sababu vikonyo ni vigumu na vinataka kutangulia motoni. Majani yakishachemshwa na kukamuliwa, katakateni, tieni kitunguu, nyanya na vile vikonyo, kisha tui la pili. Msiogope mchuzi ukigeuka rangi ya waridi. Mume wangu aliusukuma pembeni siku ya kwanza akiuliza kama nimepika kitambaa cha khanga, na siku ya tatu akauliza mbona umekwisha. Tui zito linaingia mwisho, na si kwa ladha peke yake, kwani vitamini A ya majani haifyonzwi vizuri pasipo mafuta. Vikonyo vimekwisha kuiva, nazi ya tui zito inakunwa sasa hivi pale nyuma, na walio karibu na mlango watusaidie kupitisha sahani.