Uji wa Awali: Nani Achangie?

DEO: Tumeanza?

MAMA NAIMA: Tumeanza, taa imewaka.

DEO: Basi waambie wasikilizaji Jumamosi ulikuwa wapi, maana nilipiga simu mpaka nikachoka.

MAMA NAIMA: Nilikuwa kikaoni, mdogo wangu. Kikao cha wazazi wa darasa la awali, lile la kabla ya darasa la kwanza. Huyu mdogo wake Naima mnayemsikia humu akilia kila tukirekodi, mwaka huu kaanza awali. Tumeitwa saa tatu asubuhi. Ajenda zimeandikwa ubaoni vizuri kabisa: moja, maendeleo ya watoto katika kusoma. Mbili, vitabu. Tatu, mengineyo. Mwalimu kafungua, kasema maneno mawili, mzazi mmoja kanyoosha mkono: "Samahani mwalimu, uji wa watoto mbona hauna sukari?"

DEO: Ikawa ndiyo hiyo.

MAMA NAIMA: Ikawa ndiyo hiyo mpaka adhana ya adhuhuri! Baba mmoja anasema sukari inaoza meno. Mama mwingine anasema wake hagusi uji usio na sukari, anarudi nyumbani na njaa. Mpishi naye kasimama na upawa wake mkononi: "Mnanipa kilo mbili kwa watoto mia na ishirini, mnataka niwafanyie nini?"

DEO: Mia na ishirini? Darasa moja?

MAMA NAIMA: Darasa moja, mwalimu mmoja.

DEO: Na kiwango cha serikali hapa Tanzania kwa awali ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja. Ngoja nisianze huko. Wasikilizaji, leo tulipanga mambo matatu ambayo mtaa unaweza kufanya ili mtoto wa miaka mitano aanze kusoma. Karatasi hii hapa, nimeandika kwa kalamu nyekundu.

MAMA NAIMA: Tutafika, usiwe na haraka. Nimalize uji kwanza.

DEO: Malizia.

MAMA NAIMA: Mchango wetu ni debe moja la mahindi kwa mwaka kwa kila mtoto, na shilingi 10,000 za sukari, kuni na posho ya mpishi. Sasa pale kikaoni wakatokea wataalamu. Mmoja anataka uji wa lishe: mahindi, mtama, ulezi, ngano, mchele, soya, karanga, vyote kwenye gunia moja, visagwe pamoja.

DEO: Mnh! Hapana. Hilo lisemwe hapa hapa. Wataalamu wa lishe wanalikataza kila siku na watu hawasikii. Nafaka tano haziufanyi uji uwe na lishe mara tano, zote kazi yake ni moja, kutia nguvu. Chukua nafaka moja, mbili zikizidi, halafu karanga au soya uzisage kando. Na soya haisagwi mbichi, ichemshwe au ikaangwe kwanza, la sivyo tumbo la mtoto linasumbuka.

MAMA NAIMA: Ungekuwepo! Maana gunia wameshapitisha.

DEO: Na karanga hizo zimekaa wapi? Ghala la shule ni lipi?

MAMA NAIMA: Stoo nyuma ya ofisi ya mwalimu mkuu. Sakafu ya udongo.

DEO: Dada, hapo ndipo ninapoogopa. Mimi nimekulia Kondoa. Mwaka 2016 sumukuvu, ile sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka na karanga, iliua watu Dodoma na Manyara, na ilikuwa mahindi ya kawaida tu, ya kula nyumbani. Sumukuvu hauisikii kwa ulimi, na ukichemsha uji saa nzima haitoki. Kinga yake iko shambani na ghalani: mahindi yaanikwe juu ya turubai yakauke kweli kweli, yachambuliwe, yaliyovunda na yaliyotobolewa yatupwe, magunia yakae juu ya vichanja. Debe mia na ishirini kutoka nyumba mia na ishirini, nani anajua kila nyumba imeanikaje?

MAMA NAIMA: Hilo kikaoni halikutajwa hata kidogo.

DEO: Kwa sababu ya sukari.

MAMA NAIMA: Kwa sababu ya sukari. Lakini Deo, mimi sikukasirika. Nilikaa pale najiambia: hawa wazazi, wengi wao sijawahi kuwaona shuleni. Ungeitisha kikao cha kusoma na kuandika wangekuja kumi. Uji umewaleta wote, na waliokuja wameingia darasani. Mama mmoja kaangalia ukutani, kaona picha za herufi, kauliza wake anaijua ipi. Mwalimu kamwambia bado hajaijua hata moja. Yule mama alishtuka. Kalileta debe la mahindi, kaondoka na habari ya mtoto wake.

DEO: Sawa. Sasa niulize swali langu.

MAMA NAIMA: Uliza.

DEO: Mtoto ambaye mzazi wake hajaleta debe, anakunywa au hanywi?

MAMA NAIMA: ...Kwetu pana daftari.

DEO: Daftari la nini?

MAMA NAIMA: La waliochanga. Wasiochanga, kamati ilisema kikombe kibaki kwenye begi.

DEO: Mtoto wa miaka mitano?

MAMA NAIMA: Nilisimama nikasema hapana, ni bora tuongeze maji wote wanywe. Tulibishana, ikapita kwamba wote watakunywa. Lakini hadi Jumamosi ile, ndiyo, walikuwapo wanaokaa pembeni.

DEO: Basi mimi hapo sitoki. Mwaka 2016 wazazi waliambiwa elimu ni bila malipo, watoto wakafurika. Waraka wa elimu wa mwaka huo huo ukaeleza kwamba sare, madaftari na chakula cha mwanafunzi wa kutwa ni juu ya mzazi. Sasa chukua ruzuku, pesa ambayo serikali inazipa shule. Shule ya msingi inahesabiwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake inabaki juu serikalini kwa ajili ya vitabu. Siku za masomo ni 194. Gawanya mwenyewe: hata zingefika zote ni shilingi hamsini na kitu kwa siku, kwa chaki na kwa kila kitu. Uji hauwezi kutoka humo. Kwa hiyo unarudi kwa mama mwenye watoto watano na shamba lililokauka. Huyo hajakataa kuchanga, hana. Anaona aibu, mwisho anamwacha mtoto nyumbani. Uji unaoleta wazazi wako wa kikaoni ndio huo huo unaomfukuza huyu.

MAMA NAIMA: Unataka nani alipe?

DEO: Halmashauri. Zina agizo la kutenga shilingi 1,000 za lishe kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Kiongezwe kiwango, kivushwe mpaka awali. Uji wa awali uwe kama chanjo. Kwani chanjo tunachangishana?

MAMA NAIMA: Chanjo inakuja mara chache kwa mwaka, uji ni kila siku saa nne. Pesa ya juu ikichelewa miezi miwili sufuria halisubiri. Debe la mahindi liko stoo.

DEO: Stoo yenye sakafu ya udongo.

MAMA NAIMA: Ndiyo, na sakafu tutaitia saruji wenyewe, kwa sababu ni yetu! Deo, nikuambie kitu cha kwetu pwani. Mombasa, miaka ya themanini, wazee wa Kiislamu waliona watoto wao wanafika darasa la kwanza wakiwa nyuma. Walimwomba Aga Khan, kiongozi wa Waislamu wa Ismailia, msaada, na mwaka 1986 pale Liwatoni kikaanza chekechea ndani ya madrasa. Bi Swafiya Said ndiye aliyekilea. Walimu walikuwa akina mama na mabinti wa mtaani, wakafunzwa. Vifaa vya kuchezea vilikuwa vifuu, makombe ya pwani, mbegu, vizibo vya chupa. Mtoto anapanga vifuu, anahesabu, anavitaja rangi, huku anajifunza na dini yake. Ikavuka Zanzibar, ikafika Uganda. Sharti lilikuwa moja: mtaa wenyewe uombe, mtaa utoe jengo, mtaa uunde kamati. Hakuna aliyeletewa mlangoni.

DEO: Na fedha?

MAMA NAIMA: Wazazi walichanga, ada kidogo.

DEO: Na mfuko je? Useme yote.

MAMA NAIMA: Ndiyo, ulikuwapo mfuko wa akiba. Mtaa unachangisha, mfadhili anaongezea, faida yake inasaidia kulipa walimu.

DEO: Basi! Mfadhili anaongezea. Anagharamia na mafunzo ya walimu miaka miwili mitatu. Huo si mtaa peke yake, dada. Mtaa ulibeba, lakini chini yake palikuwa na bega la mtu mwingine. Uniletee mtaa uliobeba peke yake.

MAMA NAIMA: Mfadhili alisukuma, sikatai. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwalinganisha watoto wa Kenya, Uganda na Zanzibar. Waliosoma chekechea yoyote waliwazidi waliobaki nyumbani, na wa madrasa hizi waliwazidi hata wenzao wa chekechea nyingine. Pesa hainunui hicho. Ni yule mama mwalimu anayejua mtoto huyu ni wa nani na jana usiku kwao palikuwa na nini.

DEO: Na yule mama mwalimu alikula nini jioni? Kote ninakopita nakuta binti wa kujitolea kwenye darasa la awali, mwaka wa pili hana mshahara, wazazi wanamchangia wakikumbuka. Tunamsifu kwa moyo wake, halafu akipata kazi ya duka anaondoka, watoto wanaanza upya na mwingine. Usinisifie mtaa kwa jasho la binti asiyelipwa.

MAMA NAIMA: Simsifii mtaa kwa hilo. Nasema mtaa ukikaa pembeni hata aliyeajiriwa haonekani kazini! Wewe unaijua shule shikizi ya kule kwenu, ile shule ndogo iliyo chini ya shule mama, ilivyoanza?

DEO: Naijua. Shule mama iko mbali, kuna korongo, mvua ikinyesha wadogo hawavuki. Wanakijiji wakafyatua tofali wakapandisha boma.

MAMA NAIMA: Wakapandisha wenyewe.

DEO: Wakapandisha wenyewe, likakaa bila bati miaka! Jua na mvua vinalila. Maboma ya namna hiyo yamejaa nchi nzima. Mwaka 2021, zilipokuja fedha za kukabili athari za UVIKO, yaani korona, serikali ikajenga madarasa 3,000 kwenye vituo shikizi kwa mkupuo mmoja. Tatu elfu, Mama Naima. Kijiji kingefyatua tofali mpaka lini?

MAMA NAIMA: Na hayo madarasa yalipelekwa wapi? Kule ambako watu walishaanza kituo, chini ya mwembe au kwenye banda la nyasi. Pasingekuwa na watoto waliokusanywa na wanakijiji, nani angejua kule kuna watoto?

DEO: Sensa ingejua.

MAMA NAIMA: Deo!

DEO: Sensa inahesabu watoto nyumba kwa nyumba, dada, hiyo ndiyo kazi yake. Mtoto asihitaji baba yake abebe tofali ndipo aonekane.

MAMA NAIMA: Mimi nahitaji baba yake abebe tofali. Kwa sababu kesho mlango ukivunjika, atasema mlango wangu.

DEO: Na baba aliyekufa? Mama mgonjwa?

MAMA NAIMA: Huyo tunambebea sisi.

DEO: Mlimbebea? Kwa daftari?

MAMA NAIMA: Tumelifuta lile!

DEO: Kwa sababu wewe ulikuwepo. Shule ya pili kutoka hapo hukuwepo.

MAMA NAIMA: ...Na huko halmashauri nako nani yupo? Hujanijibu.

DEO: Nitakujibu wakikuandikia bajeti.

MAMA NAIMA: Hujanijibu.

DEO: Na wewe hujanijibu la yule anayekaa pembeni. Tumeganda hapa.

MAMA NAIMA: Tumeganda. Fundi anatuonyesha vidole... dakika nne? Dakika nne tu!

DEO: Karatasi yangu hata sijaifunua.

MAMA NAIMA: Soma la kwanza haraka.

DEO: La kwanza, hadithi. Mtoto wa awali asianze kukaririshwa a, e, i, o, u kwa kuimba tu. Asikie sauti. Ukimpigia hadithi, paukwa, pakawa, mtulize katikati umuulize: "mbuzi" linaanza na sauti gani? Bibi ambaye hajui kusoma anaweza kulifanya hilo kila jioni, na ni kusoma hasa...

MAMA NAIMA: Bibi huyo aje na shuleni! Mara moja kwa wiki, wakati uji unapoa.

DEO: Umerudi kwenye uji.

MAMA NAIMA: Dakika ishirini wale watoto wanaukodolea macho tu wakisubiri upoe. Bibi akae pale awapigie hadithi. Haina gharama.

DEO: Hilo nalikubali, ila bibi naye apewe kikombe. La pili lilikuwa vitabu, kwamba vitoke kabatini, maana nimeona shule vimefungiwa visichafuke. La tatu...

MAMA NAIMA: Hatulifikii la tatu, muda umekwisha. Wasikilizaji, tutumieni ujumbe wa sauti, namba ni ile ile. Tuambieni: shuleni kwenu awali wanakunywa uji? Nani analeta unga, nani anamlipa mpishi?

DEO: Na mtoto wa asiyechanga anakaa wapi wenzake wakinywa. Jina la shule msilitaje, tajeni wilaya tu.

MAMA NAIMA: Na kama halmashauri yenu inalipa, tuambieni pia, nitaisoma hapa mbele ya Deo.

DEO: Nitafurahi kuisikia. Ila kwenye mchango sijakubali.

MAMA NAIMA: Wala mimi. Fundi, zima.