Di Gates, Aliyeshuka Majini

Ndugu wasikilizaji, ahsanteni kwa kuja. Jioni hii tunamkumbuka Artemus Gates, ambaye wenzake walimwita Di. Alizaliwa mwaka 1895 Clinton, Iowa, kando ya mto Mississippi, akafariki 1976. Alikuwa mwanamichezo wa chuo, ofisa wa Jeshi la Wanamaji la Marekani, kisha mkuu wa benki. Wengi wanaomtaja huanzia benki. Mimi naanzia uwanjani.

Pale Chuo Kikuu cha Yale alicheza mpira wa Kimarekani, ule wa kukimbia nao mkononi. Nafasi yake ilikuwa safu ya mbele, na wa safu ya mbele ni nadra kufunga. Yeye huweka kifua ili mwenzake apenye. Mwaka 1916 Yale waliwashinda Harvard 6–3, ushindi ambao hawakuwa wameuonja tangu 1909. Gates akachaguliwa nahodha wa msimu uliofuata.

Msimu huo ulimkuta akiwa na sare za jeshi. Machi 1917, siku 13 tu kabla Marekani haijaingia Vita vya Kwanza vya Dunia dhidi ya Ujerumani, yeye na wanafunzi wenzake wa Yale walijiandikisha katika jeshi la akiba la wanamaji, wakaenda Palm Beach, Florida, kufundishwa urubani. Wengi wao walikuwa watoto wa matajiri. Wangeweza kutafutiwa kazi za ofisini mbali na risasi, na ni haki yao tuliseme hilo.

Sasa naomba tukae kidogo mwaka 1918, kwenye pwani ya Ubelgiji. Gates alikuwa kituo cha Dunkirk, upande wa Ufaransa. Ndege ya Kiingereza ilianguka baharini karibu na Ostend, na mji wa Ostend ulikuwa mikononi mwa Wajerumani. Rubani aliye angani ana ngao mbili: kimo na mwendo. Gates aliziacha zote mbili. Alishuka akatua juu ya maji, karibu na ufuko wa adui, akawapakia watu wa ndege ile, kisha akapaa tena. Mnaoijua bahari mtanielewa: ndege ya Gates tumbo lake lilikuwa kama la mashua, na wimbi moja likiipiga ubavuni wakati wa kutua, safari imeishia hapo. Na kila mtu unayempandisha ni uzito unaoirudisha majini wakati wa kupaa. Waliookolewa hawakuwa hata watu wa jeshi lake. Kila nikifikiria tendo hilo, naiona ile safu ya mbele.

Tarehe 4 Oktoba akiruka na kikosi cha Wafaransa alitunguliwa, akashikwa mateka. Siku kumi baadaye rafiki yake Kenneth MacLeish aliuawa katika anga ileile ya Ubelgiji.

Gates alirudi nyumbani, akaingia benki, na 1929 akawa rais wa New York Trust Company. Mwaka ule soko la hisa liliporomoka, na kushika fedha za watu kukawa mtihani mzito. Septemba 1941 serikali ikamwita awe naibu waziri wa Jeshi la Wanamaji upande wa ndege. Miezi mitatu baadaye Pearl Harbor, kituo cha wanamaji wa Marekani huko Hawaii, ikashambuliwa, na Marekani ikaingia Vita vya Pili vya Dunia. Alikaa wizarani hadi vita vilipokwisha.

Kuna jambo moja ambalo hunijia kila nikimkumbuka. Katika kundi lao la Palm Beach alikuwamo Albert Sturtevant, nahodha wa wapiga makasia wa Yale. Alitunguliwa juu ya Bahari ya Kaskazini Februari 1918, na mwili wake haukuonekana. Jeshi likaipa manowari jina lake. Tarehe 26 Aprili 1942, Gates akiwa wizarani, manowari Sturtevant ilikumbana na mabomu ya majini karibu na Key West, ikazama na baadhi ya mabaharia wake. Ilizama katika maji ya Florida, jimbo lilelile ambako Gates na Sturtevant walifundishwa kuruka pamoja.