Kukosa Pumzi si Uzee: Mhadhara Uliotolewa Moshi

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, karibuni.

Ukitajwa ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, wengi wetu tunamfikiria mzee mvuta sigara. Ni kweli, sigara inaharibu mapafu, na pumzi iliyopotea kwa njia hiyo hairudi. Lakini Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, sigara inahusika na asilimia 30 hadi 40 tu ya wagonjwa. Hao wengine wametoka wapi? Twendeni jikoni.

Mnajua mbege, pombe yetu ya ndizi, inavyoandaliwa. Ndizi mbivu zinachemshwa saa nyingi, kuni zinawaka, mama kainama juu ya sufuria, mtoto yuko mgongoni. Dirisha ni dogo, na mwezi wa saba, baridi ikishuka kutoka mlimani, mlango unafungwa. Chembe za moshi ule ni ndogo mno, zinafika hadi ndani kabisa ya mapafu. Njia za hewa zinavimba, zinajaa makohozi, zinakakamaa, na vifuko vya hewa vinaharibika. Hewa inaingia, kutoka ndiyo kazi. Miaka inapita, na mama ambaye hajawahi kushika sigara anaanza kukohoa.

Anaambiwa ni TB. Makohozi yanapimwa, hayana kitu, anapewa antibayotiki, anarudi nyumbani kukaa jikoni kulekule. Na hata TB yenyewe ikishapona inaweza kuacha makovu yanayoziba njia za hewa, kwa hiyo aliyemaliza dawa hospitali ya TB ya Kibong'oto na bado anahema asinyamaze. Vivyo hivyo kwa wanaovuta vumbi la miamba migodini Mirerani. Kipimo cha ugonjwa huu wa kuziba njia za hewa ni spirometa: unajaza kifua, unapuliza kwa nguvu zako zote. Ikiwa hata baada ya dawa ya kupanua njia za hewa sekunde ya kwanza haitoi asilimia 70 ya hewa yote uliyopuliza, njia zimeziba.

Ila namba hiyo haisemi mgonjwa anaishije, na hilo ndilo linaloniuma. Mama anapandisha na mzigo wa majani ya ng'ombe, kila kona anasimama kusalimia watu, kumbe anatafuta pumzi. Kwaya ameacha. Kuoga na kuchana nywele kunamchosha, chakula anakiacha nusu, usiku anaogopa kulala. Nyumbani wanasema amezeeka, wengine wanasema ni mvivu. Anajitenga, na huzuni inamwingia. Jamani, huyu ni mgonjwa!

Ugonjwa huu hauponi, lakini unatibika. Zipo dawa za kuvuta, na lazima ufundishwe kuzivuta vizuri. Acha sigara, toa moshi jikoni. Na msimkalishe mgonjwa kitako siku nzima, maana misuli inalegea na pumzi inazidi kupungua. Mazoezi yenye usimamizi yanamrudishia nguvu.

Tujaribu wote sasa. Vuta hewa kwa pua, taratibu. Bana midomo, itoe polepole kama unayepoza uji. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Tena. Hivyo hivyo mkiwa mnapanda mlima.

Spirometa ipo meza ya mlangoni. Naomba waanze wale wanaopika.