Usimwambie Mjamzito "Acha Leo Leo"

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Wakubwa zangu, shikamooni.

Mmeniita, ninyi wauzaji wa maduka ya dawa, niseme juu ya dawa kali za maumivu kwa mama mjamzito. Naomba nianze na dada mmoja aliyekuja dirishani kwangu jioni, kitenge amekifunga juu ya tumbo la miezi sita. Alifungua kikaratasi cha daftari. Ndani mlikuwa na vidonge vinne vya tramadoli. Alianza kuvimeza kabla hajashika mimba, kwa ajili ya mgongo, na sasa bila hivyo haamki.

Akaniambia, "Kaka, nilikotoka wamenifokea. Wamesema namuua mtoto, niviache leo leo." Naye akaviacha. Siku ya pili akatoka jasho, tumbo likamkata, akaharisha, usingizi ukamkimbia, na tumbo la uzazi likaanza kukaza. Akaogopa, akavirudia kwa siri. Kwa sababu ya lile neno "leo leo" nimekubali kuja hapa.

Tramadoli, kodeini, mofini na pethidini ni ndugu, zote za jamii ya afyuni. Mama akimeza, dawa inapita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Daktari akimwandikia dozi ndogo kwa siku chache, labda baada ya upasuaji au kuvunjika mguu, kwa kawaida mtoto anazaliwa salama. Kuna tafiti zilizoona ongezeko dogo la kasoro za maumbile pale dawa hizi zilipotumika miezi ya mwanzo, na nyingine hazikuliona. Kwangu mimi hiyo inatosha kusema kwamba mgongo wa kawaida wa mimba utulizwe kwa parasetamoli na mapumziko. Na tramadoli ni dawa ya cheti. Mnalijua hilo, na mnajua pia kwamba inauzwa bila cheti.

Wiki zikigeuka miezi, mwili wa mtoto nao unaizoea dawa. Mama akikata ghafla, anaingia kwenye arosto, yale mateso ya mwili kukosa dawa uliyoizoea, na mtoto wake tumboni. Mimba inaweza kutoka, au uchungu ukaanza kabla ya wakati. Kwa hiyo dozi hupunguzwa kidogo kidogo, daktari akiangalia. Na kama mama ana uraibu, iwe ni wa vidonge au wa unga, yaani heroini, Shirika la Afya Duniani lilielekeza mwaka 2014 apewe methadoni au buprenofini, dawa za jamii hiyo hiyo zinazotuliza arosto, kipindi chote cha mimba, badala ya kulazimishwa kuacha. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni Februari 2011. Wapo wanawake waliobeba mimba wakiinywa kila siku, wakajifungua, wakanyonyesha. Msiwaonee haya kuwaelekeza huko.

Nisimame kidogo kwa mama mwenye selimundu, maana huyu tunamwonea sana. Maumivu yanampanda mifupani hadi anauma shuka, nasi kwa kuogopa mofini tunampa diklofenaki au ibuprofeni, tukidhani hizo ni nyepesi. Kuanzia wiki ya 20 ya mimba dawa hizo zinaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi. Karibu na wiki ya 30 zinaweza kufunga mapema mshipa ulio karibu na moyo wake, mshipa anaouhitaji hadi azaliwe. Kwa mama huyo mofini hospitalini, kwa kipimo cha daktari, inaweza kuwa ndiyo njia salama zaidi. Kumwambia avumilie ni ukatili, na maumivu makali yasiyotibiwa nayo yanamwumiza yeye na mimba yake.

Pethidini ya wakati wa uchungu ni habari fupi: mtoto akizaliwa saa chache baada ya sindano anaweza kuwa mzito kupumua, hivyo mkunga hana budi kujua ilichomwa saa ngapi.

Sasa mtoto wa mama aliyetumia muda mrefu. Nimemwona mmoja wodini. Kidevu kinatetemeka, kilio chembamba cha juu sana, anapiga chafya, anapiga miayo, na visigino vimechubuka kwa kujisugua kwenye shuka. Ziwa analigombania kama mwenye njaa ya siku tatu, lakini hajui kulishika. Dalili hizi huanza siku ya kwanza hadi ya tatu. Kwa methadoni zinaweza kuchelewa zaidi, ndiyo maana mtoto huyo haruhusiwi kurudi nyumbani haraka. Hali hii inatibika. Chumba kitulie, taa ipungue, akae kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, anyonye kidogo kidogo mara nyingi, na akizidiwa apewe matone ya mofini yanayopunguzwa pole pole. Lakini haya yote yanataka mkunga aambiwe mapema, na mama aliyefokewa hasemi.

Yule dada wa vidonge vinne, daktari alimpunguzia dozi kwa wiki kadhaa. Akajifungua mtoto wa kike, akaja naye dirishani amembeba, anataka dawa ya kikohozi yenye kodeini. Nikamwambia, "Mdogo wangu, hii hapana, unanyonyesha." Miili ya watu wengine huigeuza kodeini kuwa mofini haraka mno, na mofini hiyo huingia kwenye maziwa. Si wachache: nchini Ethiopia utafiti ulikuta watu wa namna hiyo ni karibu 3 katika kila 10. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo: anayenyonyesha asitumie kodeini wala tramadoli. Nikamuuliza kama ameshatumia chupa nyingine nyumbani. Akasema vijiko viwili, jana usiku. Nikamwomba amshushe mtoto mgongoni, tumtazame pamoja anavyopumua, tuone kama anaamka akiguswa na kama analishika ziwa. Alilishika.